Kisigino Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi

Masanduku yote ya mifupa yamerudi kutoka kwa wanafunzi. Yalitoka ishirini na mawili, na ishirini na mawili yako rafuni. Sanduku la tisa limerudi na pini ya nywele na karatasi ya peremende ndani ya fuvu! Nimevitia kwenye bahasha, nikaandika juu: mwenyewe aje. Hatakuja. Hawaji kamwe.

Mtihani ni keshokutwa. Saa nne alikuja Mzee wa Kilatini kuchagua mifupa. Ni Profesa, lakini wanafunzi wamempa jina hilo, naye analijua na anajifanya hamnazo. Mimi nasoma kwenye daftari, yeye anasema: huo weka, huo acha. Zamani alikuwa anaushika kila mfupa mwenyewe, anaugeuza, anaupeleka dirishani. Sasa mtoto wa jicho amemwingia macho yote mawili. Tangu mwaka juzi ananiachia mimi. Hatujawahi kulizungumza hilo, hata siku moja. Ninasoma, anaitikia, maisha yanaendelea.

Meza ya kumi na nne ameweka kisigino. Kisigino hakikosekani. Na swali ni lile lile: mfupa gani, wa upande gani, na jina lake limetoka wapi. Alama tatu. Nimemwambia wanafunzi wa mwaka jana wamewaambia wa mwaka huu. Akasema vizuri, maana yake kuna watu wanazungumza juu ya visigino chuoni.

Mchana kutwa nimebandika plasta chini ya mifupa kuficha maandishi yangu. Mimi huandika chini, sehemu isiyoonekana, kwa wino mweusi: namba ya sanduku na upande, kulia au kushoto. Juu ya wino napaka rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, ili mikono ya wanafunzi isifute. Miaka ishirini na moja nanunua rangi ya kucha duka lile lile. Muuzaji anaamini mimi ni mrembo wa siri.

Nyumbani Fundi, mume wangu, amenuna. Leo alijaribu kushuka ngazi tatu za mlangoni bila gongo. Mbili alishuka vizuri.

Jumatano, 5 Machi

Mtihani umekwisha. Miguu yangu haina hali.

Wanafunzi sitini, meza ishirini, makundi matatu. Kengele kila baada ya dakika moja na nusu. Mimi ndiye wa kengele. Kuna mmoja alikuwa anatokwa jasho mpaka karatasi imelowa, nikampa kitambaa changu. Sijakiona tena.

Meza ya kumi na nne kulitokea kioja. Binti wa Dirishani alivua kiatu! Namwita hivyo kwa sababu mwaka mzima amekaa kiti kimoja tu cha chumba changu, kile cha dirishani, na sanduku la nne mapajani kama mtu anayechambua mchele. Alivua kiatu cha kushoto, akauweka mfupa sakafuni kando ya mguu wake, akautazama, akaurudisha, akavaa kiatu. Kengele ikalia. Nilitaka kumfokea kwamba mifupa ya chuo haiwekwi chini. Nikameza.

Huyu anarudia mwaka. Akianguka safari hii anaondoka, hakuna marudio ya marudio. Wenzake walimwambia asome usiku na wao, yeye akasema usiku analala. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Kusahihisha. Mzee amefunga mlango wa ofisi, akasema maneno yake yale yale: "Nisaidie kidogo, mwandiko wao mbaya." Mwandiko mbaya! Namsomea karatasi moja moja, yeye ananiambia alama, mimi naweka tiki au mkasi wa kosa kwa kalamu nyekundu, mwisho anasaini. Karatasi zina namba tu, hatujui ipi ya nani.

Namba kumi na nne imemkasirisha. Jina la mfupa wengi wamepata, kalkaneasi. Upande — maafa. Mfupa ni wa kulia, na watu arobaini na mmoja wameandika kushoto. Nimepiga mikasi arobaini na mmoja. Mzee akasema kizazi hiki hakijui hata miguu yake, labda kwa sababu kimezaliwa kimekaa. Tulicheka mpaka nikamwaga chai.

Asili ya jina ndiyo ilimmaliza. Ishirini na tatu wameandika chokaa. Nilimuuliza, hivi hawa chokaa wameitoa wapi? Akanieleza, kwa mara ya mia nadhani. Warumi walikuwa na neno calx, maana yake kisigino. Kutoka hapo wakapata neno la kukanyaga, na huko mbele wataalamu wa mwili wakapata jina la mfupa. Lakini walikuwa na calx nyingine, ya chokaa, iliyofika kwao kwa njia yake, na ndiyo iliyozaa jina la madini yale ya kwenye maziwa. Maneno mawili yanafanana sura, hayana undugu. Mwanafunzi anasikia mfupa, anakumbuka maziwa, anakimbilia chokaa.

Mmoja tu ameandika jibu lililompendeza. Nimelisoma mara mbili kwa kuwa aliniomba. "Limetoka kwenye kisigino, na kisigino ndicho cha kwanza kugusa chini mtu anapotembea." Mzee akasema mpe alama ya asili, huyu anafikiri. Upande alikuwa ameandika kushoto. Nikapiga mkasi.

Jioni nimemweleza Fundi habari za calx. Yeye kisigino chake cha kulia kilipasuka Novemba, alipoanguka na ndoo ya rangi kutoka ngazi ya juu. Alitua kwa mguu mmoja, daktari akasema kama angetua kwa makalio angekuwa kazini sasa. Amesikiliza vizuri, kisha akasema, "Basi huu wangu ni mfupa wa kukanyagia usiokanyaga." Nikamcheka. Baadaye nimeona hakuwa anatania.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna kitu. Nimefua. Fundi amepaka rangi kiti cha jikoni akiwa amekaa kwenye kiti kingine. Kimependeza kuliko vyote, sasa vingine vinaonekana vibaya.

Jumatano, 12 Machi

Matokeo yamebandikwa. Vilio, vigelegele, simu. Mimi hujifungia.

Saa nane akaja Binti wa Dirishani. Alibisha hodi — wengine hawabishi. Amepata arobaini na tisa. Ya kupita ni hamsini.

Hakulia. Alisema shikamoo, akakaa kiti chake, akaniambia amepitia meza zote ishirini kichwani na anajua makosa yake yote isipokuwa moja. Kile kisigino. Anaomba akione tena dakika moja tu. Nikamwambia haiwezekani, mifupa ya mtihani inakaa kabatini kwa kufuli mpaka baraza lipitishe matokeo. Ndiyo sheria, na sheria hiyo niliiandika mimi.

Akasema, "Mama, kile kibao kilikuwa kinatazama mguu wangu mwingine. Nilivua kiatu nikahakikisha."

Anazungumzia kile kibao kidogo kinachotokeza ubavuni mwa mfupa wa kisigino. Huwa kinatazama ndani, upande wa mguu wa pili. Hata mtoto akionyeshwa mara moja anajua kulia na kushoto. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kwenye kiti hicho hicho. Nikamjibu kwamba watu arobaini na mmoja waliandika kushoto, wingi haugeuzi mfupa. Nilisema kwa ukali. Nilikuwa na njaa, na yeye alikuwa mtulivu kupita kiasi, ukimya wake ulinichokoza.

Akaondoka. Kiti akakirudisha mahali pake.

Ijumaa, 14 Machi

Karani wa taaluma kaja asubuhi na karatasi. Binti amepeleka malalamiko rasmi: alama moja, meza ya kumi na nne, upande. Utaratibu ni kwamba karani haangalii mfupa, angeuangalia angejua nini? Anaangalia daftari la mifupa. Nikafungua. Sanduku la kumi na saba, kisigino, kulia. Mwandiko wangu. Akanakili, akapiga muhuri, akasema limekwisha hilo, Jumanne baraza linapitisha matokeo na binti atafungasha.

Kisha akakohoa. Nikajua kuna lingine. Baraza hilo hilo la Jumanne litazungumzia chumba changu. Kuna watu wanataka mifupa ya plastiki na sikirini kubwa ya kugusa. Plastiki haiozi, haimwogopeshi mtu, na haihitaji mtunzaji. Mzee ameshaandika utetezi wake, karani kauona: kwamba kwa miaka ishirini na moja hakuna mfupa hata mmoja uliotoka chumba hiki ukiwa na upande usio wake.

Nilifurahi, kwa nini niseme uongo. Nimepita kwenye rafu zangu nikifuta vumbi ambalo halikuwepo. Nina miaka hamsini na saba. Fundi hapandi ngazi tena. Chumba hiki kikifungwa sijui nitakuwa nani asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya kisirani. Niandike taratibu.

Mchana jirani yetu fundi bomba alikuja kumjulia hali Fundi. Fundi hana hadithi nyingine siku hizi, akatoa picha yake ya eksirei, akaibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Nilikuwa naleta chai. Nikaona ameigeuza, ile herufi ndogo ya pembeni inasomeka kinyumenyume. Nikawatania. Nikasema mume wangu umevunjika mguu wa kulia na sasa umejipa wa kushoto, ukirudi hospitali watakufunga plasta mguu mzima. Jirani akacheka. Fundi akaigeuza. "Ukigeuza tu, mguu unahama," akasema.

Nilikuwa nimeshika sinia. Nikakaa chini nalo.

Mimi naandika chini ya mfupa. Ili niandike, lazima niupindue. Na kisigino kikipinduliwa, kile kibao kinahama upande! Ndiyo maana nina mtindo wangu: kwanza nauweka mfupa sawasawa mezani, nyuma ya kisigino kunielekea mimi, natazama kibao, nautaja upande kwa sauti — kulia, au kushoto — halafu ndipo naupindua na kuandika. Kwanza kinywa, halafu mkono. Sijawahi kuruka hatua.

Sijawahi?

Fundi aliniuliza kama nimepigwa na jua. Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika kabla ya wafagiaji. Nikafungua kabati. Namba kumi na nne nikaiweka mezani, kisigino kunielekea. Kibao kinatazama kulia kwangu. Mfupa wa kushoto. Nikavua kiatu, mimi mama mzima, nikauweka kando ya mguu wangu sakafuni, mifupa ya chuo haiwekwi chini. Kushoto. Nikabandua plasta. Chini, wino wangu, rangi yangu ya kucha: 17, kulia.



Nikarudi nyumbani saa ya chakula, kitu ambacho sifanyi, nikatafuta shajara ya mwaka jana. Nilijua ninachokitafuta. Hiki hapa, neno kwa neno:

"Alhamisi, 14 Novemba. Visigino vinne vipya vya kuandika. Vitatu tayari. Simu — Fundi kaanguka na ngazi! Wino ulikuwa wazi, nikamalizia cha nne nikakimbia."

Nikamalizia cha nne. Kumbe nilikuwa nimeshakishika mkononi, kimepinduliwa, simu sikioni. Niliandika nilichokiona. Kinywa kilikuwa kinasema wapi, hospitali gani, anaongea?

Arobaini na mmoja walikuwa sahihi. Mimi na Mzee tuliwacheka tukamwaga chai. Arobaini hawadhuriki, wana alama za kutosha. Mmoja anafungasha.

Fundi alikuwa mlangoni kwenye kile kiti alichokipaka rangi. Nikamwambia yote. Nikamsomea na ya Novemba. Akawa anasugua paja lake. Nikaanza kusema, nikiwaeleza wa baraza kwamba siku ile ni wewe ulikuwa umeanguka, mtu yeyote angechanganyikiwa, wataelewa, na pengine chumba...

Akanikata. "Mimi niliteleza mwenyewe na ngazi yangu. Usinitie kwenye daftari lako."

Nikakasirika. Nikamwambia chumba kikifungwa tutakula hilo daftari? Akasema hajui tutakula nini. Akasema anachojua ni kwamba amekaa miezi minne hapa mlangoni akitazama wengine wanatembea, na hamtakii mtoto wa mtu. Basi.

Naogopa. Nasema wazi humu kwa kuwa sina pengine pa kusemea. Naogopa kuambiwa mzee wa watu yule hana macho, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na macho yenyewe yalikuwa yamepinduka.

Jumanne, 18 Machi

Naandikia kwenye benchi la korido, nje ya chumba cha baraza. Ni saa nne na robo.

Saa mbili kamili nilikuwa ofisini kwa Mzee. Niliandaa maneno njia nzima, nilipofika yakayeyuka. Nikamwekea mfupa kiganjani. Nikasema, "Namba kumi na nne, Profesa." Akadhani namletea kwa ajili ya hotuba yake, akatabasamu, akasema vizuri, nitawaonyesha kitu halisi, nione hiyo plastiki yao itasema nini. Huku anaongea kidole gumba kinatembea juu ya mfupa. Miaka arobaini ya mazoea. Kikafika kwenye kibao. Kikasimama.

Hakuniuliza. Aliinama, taratibu, mkono mmoja kwenye meza, akauweka mfupa kando ya kiatu chake. Kando ya cha kulia kwanza. Halafu kando ya cha kushoto. Alikaa pale ameinama mpaka nikataka kumshika bega.

"Nani anajua?" akauliza.

Nikamwambia mimi, mume wangu, na sasa wewe.

"Na yule binti," akasema. "Yeye alijua kabla yetu."

Nikamweleza ya Novemba, kwa ufupi, bila kumtia Fundi zaidi ya inavyobidi. Nikamwambia niko tayari kuingia barazani niseme mwenyewe, niliandika mimi na mikasi nilipiga mimi. Akasema mikasi ndiyo tatizo. Wakiuliza kwa nini mtunza mifupa ndiye aliyepiga mikasi, itabidi aeleze macho yake. Amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Akautia mfupa mfuko wa koti, akatafuta fimbo yake, akasema, "Kaa nje. Usiingie mpaka nikuite."

Sasa yuko ndani. Sijui kama atautoa au ataukalia. Nimemfahamu miaka ishirini na moja na sijui. Ukiniuliza mimi ningefanya nini kama ningekuwa yeye — usiniulize.

Saa nne na nusu. Nimesikia sauti ya mwenyekiti, halafu Mzee, ya chini, siwezi kushika maneno. Karani katoka kufuata maji, hakunitazama, lakini huyo hamtazami mtu.

Saa tano kasoro dakika kumi. Binti wa Dirishani anakuja. Namwona mwisho wa korido, ana begi mgongoni na karatasi mkononi. Anasoma vibao vya milango. Ananitafuta mimi.

Amefika. Shikamoo, marahaba. Ameketi kando yangu, begi miguuni. Ile karatasi ni fomu ya kuondokea. Maktaba wamesaini. Bweni wamesaini. Maabara wamesaini. Imebaki mistari ya sehemu ya mifupa, kwamba amerudisha vyote na hadaiwi hata kidole. Sanduku la nne alilirudisha limefutwa vumbi, ndilo pekee. Baba yake yuko getini na gari la kuazima, lazima lirudi kwa mwenyewe kabla ya saa sita. Ameniuliza, kwa adabu, kama naweza kumsainia hapa hapa nisihangaike kurudi chumbani.

Nikisaini, ni kwamba sehemu ya mifupa haina neno naye.

Ningeweza kumwambia. Maneno manne tu, yako kwenye ulimi. Halafu Mzee atoke na mfupa bado mfukoni — nitakuwa nimempa nini huyu mtoto? Na nisipomwambia, akafika getini?

Anauliza kama nina kalamu, yake imeisha wino. Nimemwambia ninayo. Nimemwambia asubiri kidogo, bado ninaitumia.

Amesema sawa mama. Ametulia, mikono juu ya fomu. Anatazama miguu yake.

Ndani wamenyamaza. Kitu kimewekwa juu ya meza, kitu kikavu. Kikombe au mfupa — kwa mlango uliofungwa siwezi kuapa, ingawa sauti moja kati ya hizo nimeishi nayo. Kiti kimevutwa.

Baba yake anapiga honi. Binti ameniangalia, kisha ameangalia kalamu. Ukurasa umebaki mistari mitatu. Naandika kwa herufi ndogo.